Nani Aandike? Mkataba wa Maandishi kati ya Mteja na Mtoa Huduma Anayejitegemea

Mwenye nyumba na fundi wamesimama katika sebule isiyopigwa lipu. "Nyumba nzima utanifanyia shilingi ngapi, fundi?" Fundi anazunguka vyumba, anagonga ukuta mmoja, anatazama kona za madirisha, kisha anataja bei. Wanavutana kidogo, wanakubaliana. "Basi anza Jumatatu," anasema mwenye nyumba, na jioni ya siku hiyo anatuma kianzio kwa simu. Hakuna karatasi, hakuna saini, hakuna shahidi. Hata hivyo mkataba umekwisha kufungwa, tena mkataba halali. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinayahesabu kuwa mkataba makubaliano yaliyofikiwa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria, kwa badala halali na kwa lengo halali. Maandishi yanatakiwa pale tu ambapo sheria nyingine imeyataka, na kazi ya lipu haimo.

Kwa hiyo anayeuliza kama fundi, mfasiri au mpiga picha anayejitegemea anahitaji maandishi ili makubaliano yake yatambuliwe na sheria atajibiwa kwa neno moja: hapana. Jibu hilo ni sahihi, na limewaponza wengi, kwa sababu siku ya kudai malipo ugomvi hauwi juu ya kuwepo kwa mkataba. Huwa juu ya kilichokuwamo ndani yake. Katika makala haya natetea mambo mawili. Kwanza, mtoa huduma anayejitegemea anahitaji maandishi kuliko hata mwajiriwa, ingawa si lazima yawe marefu wala ya wakili. Pili, na hili ndilo zito zaidi, ushauri uliozoeleka wa kumwambia "fundi, jifunze kuandikishana na wateja wako" unamtwisha mzigo mtu asiyestahili kuubeba. Pale anayelipa ni kampuni, shirika au mfanyabiashara, wajibu wa kuandika unapaswa kuwa wake, na sheria iseme hivyo.

Sizungumzii makandarasi waliosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Hao wana fomu zao za mikataba, wakadiriaji majenzi wao, na mara nyingi mawakili wao. Nawazungumzia seremala mwenye karakana ya mabati kando ya barabara, mchoraji wa nembo anayefanya kazi kwa kompyuta yake nyumbani, mhasibu anayefunga mahesabu ya maduka matatu, mfasiri, mpiga video za harusi, kijana anayetengeneza programu za simu, na huyo fundi lipu. Wote wana sifa moja: hutoa kazi kwanza, wakalipwa baadaye, ama yote ama sehemu kubwa. Kila siku wanayofanya kazi wanamkopesha mteja.

Turudi kwenye lipu, kwa sababu mizozo mingi ya aina hii hufanana nayo. Bei iliyotajwa sebuleni ilikuwa ya kuta za ndani tu au na za nje? Saruji na mchanga vinaletwa na mwenye nyumba, hilo wamelielewa wote. Maji je, na mirunda ya kujengea jukwaa? Ukuta mmoja umepinda, lipu yake inabidi iwe nene, saruji inakwisha siku ya tatu, na mwenye nyumba anaanza kushuku kuwa mifuko inauzwa. Siku ya tano mke wa mwenye nyumba anafika saiti, anaona korido, anasema, "Fundi, hapa naomba mtuwekee na kijishelfu cha zege." Fundi anaweka. Anaamini italipwa kama kazi ya ziada. Mama anaamini ni jambo dogo lililomo ndani ya kazi. Hakuna aliyedanganya. Watu wawili waaminifu wamesimama mahali pamoja wakasikia mambo mawili tofauti, na kadiri kazi inavyoendelea kila mmoja anakumbuka kile kinachomfaa.

Hata ushahidi unaodhaniwa kuwa wa uhakika hausaidii sana hapa. Ujumbe wa malipo ya simu unaonyesha jina, tarehe, saa na kiasi. Hauonyeshi fedha hiyo ilikuwa ya nini. Laki nne zilizotumwa tarehe fulani zinaweza kuwa kianzio, malipo ya awamu ya pili, fedha ya kununulia maji, au, kama mteja atakavyosema baadaye, malipo ya mwisho ya kazi yote. Mahakamani anayedai ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha, na katika madai ya namna hii anayedai karibu siku zote ni mtoa huduma, kwa kuwa kazi amekwisha kuiacha kwa mteja. Mashahidi wake ni vibarua wake, ambao nao wanasubiri kulipwa kutokana na fedha hiyo hiyo. Wakili wa upande wa pili hatalisahau hilo. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba, lakini muda huo humfaa mwenye kabati la majalada. Vibarua wa saiti moja hutawanyika katika miezi michache, namba za simu hubadilika, na nyumba yenyewe hupakwa rangi.

Ni kweli kwamba sheria haijamwacha mikono mitupu kabisa. Kifungu cha 70 cha Sheria ya Mikataba kinamtaka anayefaidika na kazi aliyofanyiwa kihalali, na mtu asiyekusudia kuifanya bure, amfidie mtu huyo. Hapo fundi ambaye bei yake haikuthibitika anaweza bado kupata kitu. Lakini kitu gani? Mahakama italazimika kukadiria thamani ya kazi, na makadirio hayo hayarudishi bei waliyokubaliana watu wawili kwa hiari yao. Fundi aliyepewa thamani ya wastani kwa kazi aliyoifanya kwa ubora wa juu amepunjwa, ingawa ameshinda kesi.

Wapo wanaosema tatizo ni gharama: fundi wa kawaida atampata wapi wakili wa kumwandikia? Pingamizi hili limepoteza nguvu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inazuia taarifa kunyimwa nguvu ya kisheria kwa sababu tu iko katika mfumo wa kielektroniki, na imeweka utaratibu wa ujumbe wa namna hiyo kupokewa kama ushahidi, mahakama ikizingatia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na kama haujachezewa. Kwa maneno mengine, mkataba wa maandishi wa fundi lipu unaweza kuwa huu, uliotumwa kwa WhatsApp usiku kabla ya kazi kuanza:

"Habari za jioni bosi. Kama tulivyoongea leo: lipu ya ndani tu, vyumba vitatu, sebule, jiko na korido. Saruji, mchanga, maji na mirunda ni juu yako. Ufundi ni 1,400,000, vibarua nalipa mimi. Kianzio 400,000, nikimaliza vyumba 500,000, siku ya kukabidhi 500,000. Kazi ya ziada tunapatana bei kabla sijaigusa. Ukiona ni sawa nijibu ili Jumatatu tuanze."

Na mteja akijibu, "Sawa fundi." Maneno hayo hayatamvutia mwanasheria yeyote, lakini ndani yake mna mipaka ya kazi, mgawanyo wa vifaa, bei, awamu za malipo zilizofungwa kwenye hatua za kazi zinazoonekana kwa macho, na kanuni ya kazi ya ziada. Lipu ya nje haimo, na kila mmoja anaona kuwa haimo. Kwa mizozo mingi niliyoitaja hapo juu, ujumbe huo unatosha. Mchoraji wa nembo angeongeza idadi ya marekebisho atakayofanya bila malipo ya ziada, maana hapo ndipo kazi yake inapovuja. Mtaalamu anayefanya kazi na kampuni angeongeza sentensi moja juu ya kodi ya zuio: kwa Tanzania mteja wa kampuni hukata asilimia 5 ya malipo ya huduma za kitaalamu anapomlipa mkaazi, na wengi hugundua hilo siku fedha inapoingia pungufu. Je, bei iliyotajwa ilikuwa kabla ya makato au baada yake? Neno moja lingetosha kuzuia ugomvi.

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini haifanyiki? Hapa ndipo ninapotofautiana na washauri wengi, ambao hujibu kuwa mafundi hawana elimu ya mikataba. Fundi anajua vizuri sana anachokosa. Anajua pia kuwa akimwambia mheshimiwa aliyeshuka kwenye gari, "Bosi, tuandikishane kwanza," ataonekana mkorofi, mtu wa kesi, fundi anayejua sana. Kijiweni wako wenzake watano wanaosubiri kazi ile ile. Mfasiri akimwomba mhariri wa shirika kubwa barua ya kazi, hujibiwa kuwa "utaratibu unaandaliwa, we anza kwa sababu muda hautoshi," naye huanza, kwa kuwa akikataa hataitwa tena. Kuomba maandishi kunahitaji nguvu ya kuvutana, na nguvu hiyo ndiyo anayoikosa. Kumhimiza asiye nayo aitumie ni kumlaumu kwa udhaifu wake.

Lawama hiyo huvishwa vazi la uaminifu. Watu husema kuandikishana ni kutoaminiana, kwamba wazee wetu walipeana mikono ikatosha. Sikubaliani na historia hiyo. Katika pwani yetu kuandika makubaliano ni jambo la zamani. Mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu uliochapishwa na C. G. Büttner huko Ujerumani mwaka 1892 unaonyesha watu waliotumia kalamu kama chombo cha shughuli zao za kila siku, na misafara ya biashara iliyotoka Zanzibar kwenda bara iliendeshwa kwa mikopo iliyohitaji kumbukumbu. Nyuma ya desturi hiyo ipo aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, ndefu kuliko aya zote za Qurani, inayoagiza deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono imeachwa nje ya agizo hilo: anayenunua samaki akalipa papo hapo hana cha kuandika. Lakini kazi inayolipwa baada ya wiki tatu ni deni.

Aya hiyo ina jambo jingine ambalo wanaoitaja katika mijadala ya mikataba hulipita haraka. Imla ya maandishi, yaani maneno yatakayoandikwa, inatakiwa itolewe na yule anayedaiwa. Na kama hana uwezo, msimamizi wake aitoe kwa niaba yake kwa uadilifu. Mwenye haki hakutwishwa kazi ya kuliandika dai lake. Mdaiwa ndiye anayetamka kiasi anachodaiwa na lini atalipa, na kwa kutamka hivyo anajifunga mwenyewe. Huu ni mpangilio wa busara hata kwa asiyeutazama kwa jicho la dini: kauli inayoaminika zaidi kuhusu deni ni ile inayotoka kinywani mwa mwenye kulilipa. Katika uhusiano wa mteja na mtoa huduma, mwenye kulipa ni mteja.

Kabla sijafika kwenye sheria ninayoipendekeza, haki inanitaka niseme wazi kuwa maandishi yanaweza kuumiza. Ipo mikataba inayoletwa na kampuni, kurasa nane za Kiingereza, ikisubiri saini ya mtu ambaye angependa kwanza kuisoma nyumbani. Ndani yake mna kifungu kinachosema atalipwa "mteja atakaporidhika", bila kusema kuridhika kunapimwaje. Kingine kinachosema atalipwa pale kampuni itakapolipwa na mteja wake. Kingine kinachomfanya awajibike kwa hasara yoyote bila kikomo. Akishasaini, sheria ya ushahidi humzuia kwa kiasi kikubwa kuleta maneno ya mdomo yanayopingana na karatasi. Ahadi nzuri aliyopewa kwenye simu inazikwa na karatasi mbaya. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers Ltd la mwaka 2000, ilisisitiza kuwa mikataba ni ya kuheshimiwa na kwamba mahakama haipendi kupokea visingizio vya kutoitekeleza pale ambapo hakuna kukosa uwezo, udanganyifu wala uvunjaji wa maslahi ya umma. Msimamo huo unamlinda mwenye mkataba mzuri. Mwenye mkataba mbaya unambana vilevile.

Kuna karatasi nyingine yenye hila zaidi: ile inayomwita "mtoa huduma anayejitegemea" mtu ambaye hajitegemei hata kidogo. Anafika saa mbili asubuhi kila siku, anatumia kompyuta ya ofisi, anaomba ruhusa akiumwa, hana mteja mwingine. Ameandikiwa hivyo ili kampuni isimchangie hifadhi ya jamii wala kumpa likizo. Kwa bahati nzuri kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya 2004 hakidanganywi na jina. Kinamchukulia kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba wake umeandikwaje na mpaka ithibitishwe vinginevyo, mtu ambaye namna yake ya kufanya kazi au saa zake zinaongozwa na mwingine, au anayemtegemea mwingine kiuchumi, au anayepewa zana za kazi, au anayemfanyia mtu mmoja tu. Kigezo kimoja kinatosha kuanzisha dhana hiyo. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kuwa kudai maandishi kwa kila mtoa huduma kutawapa waajiri njia ya kukwepa wajibu wao. Njia hiyo ilikwisha kuzibwa, angalau katika vitabu vya sheria.

Hata hivyo madhara ya karatasi mbaya hayaponywi kwa kukosa karatasi. Mpiga picha wa Nairobi ni mfano mzuri. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mwenye haki wa kwanza ni mtunzi. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana kuizuia au kuipunguza hali hiyo. Maana yake, mpiga picha aliyenyamaza ameuza. Picha aliyopiga kwa ajili ya kipeperushi cha hoteli inaweza kutokea kwenye mabango ya barabarani, naye asiwe na la kudai zaidi ya ujira wa siku ile. Alidhani kutokuandika kumeacha mambo wazi. Sheria ilikuwa imekwisha kujaza nafasi aliyoiacha, na ilimjazia mteja.

Sasa tutazame jinsi sheria zetu zilivyomtendea jirani yake, mwajiriwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa ajira wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na inasema kinagaubaga kuwa mwajiri ndiye mwenye jukumu la kuuandaa. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Nchi zote mbili zimeongeza kanuni moja fupi yenye nguvu kubwa: mwajiri akishindwa kuleta maandishi hayo mbele ya sheria, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa linakuwa lake. Mfanyakazi akisema mshahara ulikuwa kiasi fulani, na mwajiri hana karatasi, ni mwajiri anayehangaika kuonyesha kuwa haukuwa hivyo.

Kwa nini kanuni hii iliwekwa? Kwa sababu mwajiri ndiye mwenye ofisi, mwenye mhasibu, mwenye kabati, na mwenye nguvu ya kuamua kama karatasi iwepo. Sioni hata sababu moja kati ya hizo inayokoma pale kampuni hiyo hiyo inapomchukua mfasiri kwa kazi ya wiki mbili badala ya kumwajiri. Kabati ni lile lile. Tena mfasiri yuko katika hali dhaifu zaidi, kwani hana chama cha wafanyakazi mahali pale, na njia ya usuluhishi wa kikazi iliyo wazi kwa mwajiriwa kwake imefungwa. Sheria imempa ulinzi wa ushahidi yule mwenye kinga nyingine nyingi, na ikamnyima asiye nayo hata moja.

Uganda imejaribu njia nyingine. Sheria yake ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba ambao thamani yake inazidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000 za Uganda, uwe wa maandishi, na imekubali ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Nia ni njema na kigezo chake cha ujumbe ni cha kisasa. Kasoro ninayoiona ni kwamba sharti hilo limezielekea pande zote mbili kwa usawa, kana kwamba zina nguvu sawa. Fundi aliyemaliza kazi ya shilingi milioni mbili bila maandishi anaingia mahakamani akiwa na dosari, na mteja aliyekataa kuandika anaingia akiwa na hoja. Sharti la maandishi lisilosema nani aandike humwangukia mwenye kudai.

Jiji la New York lilipotunga sheria ya kuwalinda wafanyakazi wanaojitegemea, iliyoanza kutumika tarehe 15 Mei 2017, lilikwepa kosa hilo. Kazi yenye thamani ya dola 800 au zaidi, au kazi kadhaa za mteja mmoja zinazofikia kiasi hicho ndani ya siku 120, lazima iwe na mkataba wa maandishi, na wajibu umewekwa kwa anayetoa kazi. Kama tarehe ya malipo haikutajwa, alipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Mfanyakazi aliyeomba mkataba akanyimwa anaweza kudai fidia ya dola 250 kwa hilo peke yake, na asiyelipwa anaweza kupata mara mbili ya anachodai. Jimbo zima la New York likafuata kwa sheria yake iliyoanza tarehe 28 Agosti 2024. Sipendekezi tuazime viwango vyao; uchumi wetu ni mwingine. Ninachokiona cha thamani ni mpangilio: maandishi ni haki ya mfanya kazi na ni deni la mlipaji.

Kwa hiyo napendekeza kifungu kimoja kwa Tanzania, na kingine cha kufanana nacho kwa Kenya. Kampuni, shirika, taasisi ya umma au mfanyabiashara anayempa mtu binafsi kazi inayozidi kiwango kitakachowekwa na waziri ampe, kabla kazi haijaanza, maelezo ya maandishi yanayotaja kazi yenyewe, bei, kodi itakayokatwa, tarehe za malipo, na nani mwenye haki juu ya kazi ikikamilika. Ujumbe wa simu utoshe. Maelezo yawe katika lugha anayoielewa mtoa huduma. Baada ya Sheria Na. 1 ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, kampuni haina tena kisingizio cha kumpa seremala kurasa za Kiingereza. Na mteja asipotoa maelezo hayo, masharti yanayodaiwa na mtoa huduma yachukuliwe kuwa ndiyo yaliyokubaliwa, mpaka mteja athibitishe vinginevyo.

Nimewaacha nje wenye nyumba kwa makusudi. Muuguzi anayejenga vyumba viwili kwa mshahara, tofali mia mwezi huu na mia mwezi ujao, hana nguvu kuliko fundi wake. Mara nyingi yeye ndiye anayeibiwa: fundi amepokea kianzio, amekula hela, amehamia saiti nyingine, na simu haipatikani. Kumwekea huyu wajibu wa kisheria kungekuwa kuhamisha dhuluma kutoka kwa mnyonge mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa watu hawa wawili ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo tayari inashuhudia mauziano ya viwanja na pikipiki, inafaa zaidi: karatasi moja, majina, kiasi, awamu, saini za pande mbili, mwenyekiti wa mtaa akiwa shahidi. Wakishindwana, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Kenya imepiga hatua zaidi kwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za huko na kutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Fundi wa Dar es Salaam angefaidika na saa ya namna hiyo kuliko na semina kumi za elimu ya mikataba.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya pendekezo langu ni la utekelezaji. Tuna sheria nyingi nzuri zinazolala kwa kukosa wakaguzi. Nakubali, na ndiyo maana sikupendekeza faini wala ukaguzi. Kanuni ya kuhamisha jukumu la kuthibitisha haihitaji mkaguzi. Inafanya kazi yenyewe siku mzozo unapotokea, na kwa kuwa wanasheria wa kampuni wanaijua, inafanya kazi hata kabla ya siku hiyo: mhasibu atakataa kupitisha malipo yasiyo na maelezo, na meneja atatuma ujumbe kwa sababu kutotuma kunaweza kumgharimu.

Wapo watakaosema mahali pa kifungu hiki ni kwenye sheria za kazi, karibu na vile vya mwajiriwa nilivyovitaja. Naona ni kosa. Kikiwekwa huko, kila shauri litaanza kwa miezi ya mabishano juu ya kama mdai ni mwajiriwa au anajitegemea, na mteja atachagua jibu linalomwepusha na mahakama iliyo mbele yake. Kikiwekwa katika Sheria ya Mikataba, swali hilo halina haja ya kuulizwa kwanza. Mahakama itauliza mambo matatu tu: kazi ilifanyika? Aliyeifaidi ni mfanyabiashara au taasisi? Alitoa maandishi?